Optex VXI-ST: kihisi cha nje kinachomwacha paka apite

Kwa nyumba yenye uwanja, mbwa na ukuta wa mpaka, VXI-ST ya Optex ni mojawapo ya vihisi vichache vya nje tunavyoweza kumwambia mtu anunue bila kumung'unya maneno. Sharti ni moja: anayekifunga awe na pimamaji na futi ya utepe, na asiwe na haraka ya kukimbilia kazi nyingine. Kikifungwa ovyo kitalia usiku kucha kama kihisi chochote cha bei nafuu. Bei yake ni mara kadhaa ya kihisi cha kawaida cha sebuleni, kwa hiyo ni haki ya mnunuzi kujua analipia nini.

Analipia kunyamaza. Kugundua mtu anayetembea uwanjani si kazi ngumu, hata kihisi cha bei ya chini kabisa kinaweza. Kazi ngumu ni kukaa kimya paka anapopita, upepo unapovuma na gari la jirani linapogeuza taa getini. Ukimya huo una thamani kwa watu wengi zaidi ya mwenye nyumba. Marekani, mwaka 2002, polisi waliitikia takriban miito milioni 36 ya alamu kwa gharama iliyokadiriwa kuwa dola bilioni 1.8, na kati ya asilimia 94 na 98 ya miito hiyo ilikuwa ya uongo. Jiji la Salt Lake City lilichoka mwishoni mwa 2000, likaamua kwamba polisi hawatoki kwa sababu ya alamu ya wezi mpaka mtu aliyefika eneo lenyewe, kwa kawaida mlinzi wa kampuni binafsi, athibitishe kuna jambo. Safari za polisi kwa ajili ya alamu zikashuka kwa takriban asilimia 90. Uingereza nako, mfumo ukipeleka miito mitatu ya uongo ndani ya miezi 12, polisi huacha kuuitikia mpaka urekebishwe.

Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam mnyororo ni mwingine kidogo. Ishara huenda kwanza kwenye chumba cha udhibiti cha kampuni ya ulinzi, chumba kikatuma gari, na polisi wakaitwa pale dalili zinapoonekana. Mzigo ni uleule ila umebadilishwa bega. Gari moja la doria hulinda mitaa mingi, na likiwa linakimbizana na majani ya mgomba Kileleshwa, haliko kwenye nyumba inayovunjwa Lavington. Kibaya zaidi, kikosi kilichoitwa bure mara tano kwenye geti moja hakiji mbio mara ya sita, hata mkataba useme nini.

Sasa kihisi chenyewe. Optex ni kampuni ya Japani iliyoanzishwa mwaka 1979, na vihisi vya nje ndiyo kazi iliyoijengea jina. VXI-ST ni ya nyaya, inaona hadi mita 12 kwa upana wa nyuzi 90, na hufungwa kati ya sentimita 80 na mita 1.2 kutoka ardhini. Kimo hicho huwashangaza mafundi waliozoea kupachika vihisi vya ndani kwenye kona, juu kabisa karibu na dari. Wengine hupuuza maelekezo na kukipandisha mita mbili na nusu ili watoto wasikifikie. Wakishafanya hivyo wameua akili yote ya kifaa hiki, kwa kuwa akili yake ni ya jiometri.

Ndani yake mna tabaka mbili za macho ya infraredi. Tabaka la juu hutazama mbele sambamba na ardhi. La chini huteremka taratibu mpaka ligonge ardhi kwenye umbali unaouchagua wewe. Alamu hutolewa pale tu tabaka zote mbili zinapoona joto linalosogea kwa wakati mmoja. Mtu aliyesimama hukata zote mbili. Paka hukata la chini peke yake. Ndege akipita hewani hukata la juu peke yake. Hawa wawili wa mwisho hawahesabiwi.

Chukua mfano wa kihisi kilichofungwa kwa kimo cha mita 1, tabaka la chini likiwa limewekwa ligonge ardhi mita 8 mbele. Kwenye mita 2 tabaka hilo lipo sentimita 75 juu ya ardhi, kwenye mita 4 lipo sentimita 50, na kwenye mita 6 limeshuka hadi 25. La juu liko mita 1 njia nzima. Mbwa dume wa aina ya German Shepherd ana sentimita 60 hadi 65 begani. Akipita mita 4 mbele hukata la chini na kuishia hapo. Akipita mita 2 mbele huenda asiguse lolote. Lakini akisimama kwa miguu ya nyuma kumkaribisha mgeni, anakata yote na alamu inalia, na hakuna mpangilio wa kihisi utakaozuia hilo.

Mfano huohuo unaonyesha sifa ambayo kwetu ndiyo kubwa kuliko zote: kuchagua mahali pa kuishia. Baada ya mita 8 tabaka la chini halipo tena, limeshazama ardhini. Anayepita mita 10 mbele, nje ya uzio wa waya au ng'ambo ya geti la nondo, huonwa na la juu tu, na alamu haitoki. Vihisi vingi vya tabaka moja havina mwisho wa aina hii. Ukivipunguzia ukali, hupunguza umbali wa kumwona mtu, lakini lori lenye injini ya moto barabarani bado litaonekana. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya fundi ni kupima kwa futi umbali kutoka ukutani hadi mwisho wa uwanja wa mteja, kisha kuweka tabaka la chini liishie kabla ya hapo kwa mita moja au zaidi. Jedwali la umbali lililo kwenye maelekezo lina maana kwa kimo kilichotajwa pale. Ukipandisha kihisi, umbali nao unarefuka kwa uwiano uleule.

Kimo gani basi? Mita 1 ndiyo pa kuanzia. Penye mbwa wakubwa, boerboel kwa mfano, panda hadi mita 1.2, lakini ujue gharama yake: mtu anayetembea ameinama sana anaweza kupita chini ya tabaka la juu. Na mtu anayetambaa kwa tumbo hupita chini yake kwa kimo chochote kile. Huu ni udhaifu wa kweli wa muundo huu na muuzaji hatautaja. Ndiyo maana kihisi cha nje hakiondoi haja ya vihisi vya sumaku kwenye milango na madirisha, vile vinavyotambua yanapofunguliwa.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kuegama. Kuta nyingi hazijanyooka, na lipu huwa imevimba hapa na kubonyea pale. Kihisi kikiinama kuelekea chini kwa nyuzi 2 tu, tabaka la juu litakuwa limeshuka sentimita 42 litakapofika mita 12. Yaani badala ya mita 1 liko sentimita 58, sawasawa na bega la mbwa. Kikiinuka nyuzi 3, kule mwisho liko juu zaidi ya mita 1.6, na mtu mfupi anapita bila kuonwa. Weka pimamaji kwenye kibebeo kabla ya kukaza skrubu, wima na mlalo, na pachika vipande vya plastiki nyuma pale ukuta ulipokosea. Uwanja wenye mteremko unataka tabaka la juu liufuate mteremko, kwa hiyo kihisi huinamishwa kwa makusudi kwa kutumia kibebeo kinachogeuka. Kama mteremko unabadilika katikati, tumia vihisi viwili vyenye umbali mfupi. Kimoja hakitatosha, na ubishi na ardhi hauna mshindi.

Mita mbili za mwanzo mbele ya kihisi zinahitaji maelezo yake, maana hapo ndipo malalamiko mengi huzaliwa. Karibu na kihisi tabaka mbili bado zimekaribiana. Kwa mfano wetu, mita 1 mbele zimeachana kwa sentimita 12 au 13 tu. Paka aliyekaa juu ya mashine ya nje ya kiyoyozi, chungu cha maua au ngazi ya baraza hapo karibu anazikata zote mbili kwa mwili wake mmoja. Karen ni tumbili, Diani ni tumbili na komba, na wote wanapenda kupumzika mahali palepale. Usifunge kihisi juu ya kitu ambacho mnyama anaweza kupanda, na usiruhusu kitu hicho kiletwe baadaye. Mteja aambiwe hivyo kwa maneno wazi, kwa sababu tangi jipya la maji litawekwa tu wiki mbili baada ya fundi kuondoka.

Mimea na nguo ni adui mwingine, kwa kuwa hivi ni virefu vya kutosha kugusa tabaka zote. Jani la mgomba lililopigwa na jua kisha likapepea kwenye kivuli ni joto linalosogea, na kihisi hakina namna ya kujua kwamba si mtu. Bogenvila iliyoning'inia ukutani hufanya vivyo hivyo. Kamba ya kuanikia nguo ni mbaya kuliko zote: shuka au kanga inayoning'inia kutoka mita 1.5 hadi sentimita 60 hukata juu na chini, na hewa ya jioni inaitikisa. Ondoa kila kinachopanda zaidi ya goti ndani ya eneo la kihisi. Kisichoondoka, kifiche kwa karatasi za kuzibia zinazokuja na kihisi, ambazo hubandikwa upande wa ndani wa lenzi kuziba eneo lile tu. Ziba tabaka moja tu pale na umelizima eneo lile lote, kwa sababu bila mbili hakuna alamu.

Kuhusu jua na joto, kanuni ni kutokielekeza moja kwa moja mashariki au magharibi, wala kwenye kidimbwi, kioo cha gari au bati linalong'aa. Ukanda wa pwani una jambo lake pia. Kihisi huona tofauti kati ya joto la mwili na joto la kilicho nyuma yake. Mchana wa Februari, Mombasa au Dar, ukuta uliopigwa na jua unaweza kulingana na ngozi ya binadamu, na hapo uwezo wa kuona hupungua. Wengine hujibu kwa kupandisha ukali hadi ngazi ya juu kabisa, kisha usiku ukuta ukipoa kihisi kinakuwa na wazimu. Acha ukali ngazi ya kati. Usiku, ambapo uwanja unalindwa, tofauti ya joto inarudi yenyewe.

Wadudu hawasamehewi. Sisimizi, buibui na mijusi huingia kupitia tundu la waya na kuketi mbele ya jicho, ambapo mdudu mdogo anaonekana mkubwa. Ziba tundu la waya kwa silikoni pande zote, lakini usizibe vijitundu vya chini vya kutolea maji. Fundi anayeziba kila tundu huvuna unyevu ndani ya kifaa baada ya mvua za masika. Na kwa kuwa kihisi kiko chini, udongo mtupu mbele yake utarusha matope kwenye lenzi. Kokoto au nyasi fupi chini yake zinatosha.

Tukija kwenye nyaya, VXI-ST haina mambo mengi: jozi ya umeme wa volti 12, jozi ya alamu na jozi ya kinga dhidi ya kufunguliwa kifuniko. Tumia waya wa nyuzi sita ili kila jozi iwe na njia yake. Waya mwembamba wa alamu wa milimita za mraba 0.22 una takriban omu 16 kwa mita 100, kwenda na kurudi, na kwa kihisi kimoja volti inayopotea ni ndogo. Balaa huanza fundi anaponing'iniza vihisi vinne na king'ora kwenye jozi moja. King'ora kikilia, volti hushuka, vihisi hujizima na kujiwasha, na paneli, yaani kisanduku kikuu kinachopokea ishara za vihisi vyote, hurekodi uvamizi mpya ambao haupo.

Rizista za mwisho wa laini, vile vipande vidogo vya ukinzani vinavyoiwezesha paneli kujua kama waya ni mzima, ziwekwe ndani ya kihisi. Nyingi tunazozikuta zimebanwa ndani ya paneli, ambako zinaifurahisha paneli na hazilindi waya wowote. Thamani hutegemea paneli: za kampuni ya DSC hutaka omu 5,600, za Paradox omu 1,000. Ukitumia mbili kwa kila laini, paneli hutofautisha alamu na waya uliokatwa, kwa hiyo panya aliyetafuna waya anampeleka fundi na si gari la doria. Maungio ya nje ya kusokota na kufunga kwa tepu hayafai kabisa pwani. Chumvi huyala, ukinzani unapanda, na kila upepo ukivuma laini inafunguka sekunde moja. Yachome kwa risasi au tumia viungio vyenye jeli, ndani ya kisanduku kisichopitisha maji.

Halafu betri. Alamu nyingi zinazolia wakati umeme umekatika husingiziwa kihisi ilhali betri ya paneli ndiyo iliyokufa. Mguso wa alamu wa vihisi vingi hukaa umefungwa kifaa kikiwa na umeme, na hufunguka kinapoukosa, kwa hiyo volti ikianguka paneli huona mlango umevunjwa. Betri ya volti 12 na ampia-saa 7 (Ah 7) kwenye mfumo unaokula miliampia 350 ina saa 20 kwenye karatasi. Ikiwa na miaka minne huenda isimalize saa mbili. Chomoa umeme wa ukutani, acha mfumo ufanye kazi kwa betri kwa nusu saa, kisha pima. Ikiwa chini ya volti 12, nunua nyingine.

Lakini hata kihisi hiki kikifungwa kwa ustadi wote, kisiachiwe kuita polisi peke yake. Hapa ndipo sifa za bidhaa zinapoishia na mpangilio wa paneli kuanza. Tunachoshauri ni hivi: kihisi cha nje kikishtuka, taa za uwanja ziwake, king'ora kidogo cha ndani kilie, na chumba cha udhibiti kipate ishara ya tahadhari. Ishara ya uvamizi uliothibitishwa itoke pale zoni ya pili inaposhtuka, yaani sumaku ya mlango au kihisi cha sebuleni, ndani ya muda uliowekwa. Zoni mbili zinazounganishwa ziwe zile ambazo mwizi hana budi kuzipita zote. Ukiunganisha ya uwanja wa mbele na ya dirisha la jikoni nyuma, mwizi wa jikoni atafanya kazi yake akiwa zoni moja tu, na utulivu ulioununua utakuwa wake.

Kwa muda wa paneli, viwango vya kiwanda vya Marekani vinavyojulikana kama CP-01 ni vya busara hata kwetu: sekunde 60 za kutoka, sekunde 30 za kuingia, na sekunde 30 za kusubiri kabla ishara haijatumwa, ili aliyekosea aweze kufuta. Washa pia mpangilio wa kuizima zoni inayojirudia baada ya mara moja au mbili ndani ya kipindi kilekile cha ulinzi. Bila huo, waya mmoja mbovu unaweza kutuma ishara usiku kucha.

Na watu. Dada wa kazi asiye na namba yake ya siri, anayetumia ya mama mwenye nyumba aliyoisikia nusu nusu, atazusha alamu nyingi kuliko paka wote wa mtaa. Kila mtu apewe namba yake, ili kumbukumbu za paneli zionyeshe nani alikosea na aelekezwe kwa upole. Namba ya kutekwa, ile inayoita msaada kimyakimya mtu akilazimishwa kuzima mfumo, isitofautiane na ya kawaida kwa tarakimu moja tu, kwa sababu kidole kikiteleza utaletewa polisi wenye bunduki kwa ajili ya chai. Chumba cha udhibiti kiwe na namba mbili za simu za watu tofauti, na kipige zote kabla ya kuita polisi. Mkataba mwingi unataja namba moja, na ni ya mtu aliyehama.

Baada ya kufunga, jaribu kwa miguu. Washa taa ya majaribio, tembea kukatiza mbele ya kihisi kwenye mita 2, 4, 6 na kadhalika hadi mwisho wa uwanja, kisha vuka mpaka uliouweka na uhakikishe taa haiwaki. Kukatiza ni muhimu: vihisi vya infraredi huona vizuri zaidi anayekatiza kuliko anayekuja moja kwa moja, kwa hiyo kifungwe mahali ambapo njia ya mwizi inakatiza eneo lake. Mwachie mbwa naye atembee. Rudia zoezi saa mbili usiku, kwa sababu uwanja wa mchana na wa usiku si uwanja mmoja kwa kihisi. Ukiridhika, zima taa ili anayepeleleza asijifunze mipaka yake. Wiki mbili za kwanza ziwe za king'ora cha ndani tu, bila kutuma kitu kwenye chumba cha udhibiti.

Nani asinunue? Mwenye ujia mwembamba chini ya mita 1.5 kati ya nyumba na ukuta, kwa sababu eneo la nyuzi 90 litapiga ukuta, na vihisi vya pazia jembamba, vinavyotazama ukanda mwembamba tu, vinamfaa zaidi. Pia mwenye duka linalopakana na njia ya watu, ambako hakuna hata mita tatu za kwake. Na asiyetaka kukata bogenvila.

Penye hatari ya mtu kukifunika kihisi mchana ili aje usiku, VXI-AM inagundua kufunikwa. VXI-DAM inaongeza mikrowevu juu ya hapo, ingawa mikrowevu huona mwendo kupitia uzio wa mbao na geti jepesi, na si kila uwanja unahitaji jicho hilo la ziada. VXI-R ni ya betri, kwa mifumo isiyo na waya. Kwa uwanja wa kawaida wenye waya mzuri, ST inatosha, na tofauti ya bei itumike kununua betri mpya ya paneli.

Matunzo ni mepesi: kila baada ya miezi mitatu, na kila masika yanapoisha, futa lenzi kwa kitambaa chenye maji bila sabuni kali, fungua kifuniko utazame sisimizi, kata kilichoota, na tembea tena zile mita 2, 4, 6 na 8.